Mtume Paulo na sadaka ya wenye njaa



Jumapili nyingi, kabla ya baraka ya mwisho, mzee wa kanisa husimama na matangazo. Kuna usharika jirani ambao paa la kanisa lao limeezuliwa na upepo. Kuna watu wa mkoa mwingine waliopoteza nyumba kwa mafuriko. Kuna kituo cha watoto yatima, na kuna mwinjilisti aliyetumwa mbali ambaye kodi ya nyumba imemshinda. Kapu linapita mara ya pili, pengine ya tatu. Hapo, tuseme ukweli, minong'ono huanza kwenye mabenchi. Mbona michango haiishi? Sisi wenyewe hatujamaliza kujenga, tutawajengeaje wengine? Na hizo fedha, kweli zinafika?

Maswali hayo si mapya. Yalikuwepo Korintho karibu miaka 2,000 iliyopita, na aliyelazimika kuyajibu alikuwa Mtume Paulo. Wengi tunamfahamu Paulo wa njia ya Dameski, Paulo wa nyaraka, Paulo aliyevunjikiwa na merikebu baharini. Leo nakuomba umtazame katika kazi ambayo haihubiriwi sana. Kwa miaka kadhaa mtume huyu alikusanya fedha za makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, akaenda nazo mwenyewe, na safari hiyo ikaishia kwenye minyororo. Weka Biblia yako karibu, maana tutapita Matendo ya Mitume, Wagalatia, barua mbili za Wakorintho na ile ya Warumi.

Aliyewatawanya akawabebea msaada

Alizaliwa Tarso ya Kilikia, mji ulio kusini mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, akiwa raia wa Roma tangu kuzaliwa. Jina lake la Kiebrania lilikuwa Sauli. Alilelewa katika sheria, akasoma Yerusalemu miguuni pa Gamalieli, akawa Farisayo mwenye bidii. Pamoja na elimu hiyo alikuwa na kazi ya mikono, kushona mahema. Ikumbuke kazi hiyo, kwa sababu baadaye itamlinda na masengenyo mengi.

Stefano alipopigwa mawe, Sauli ndiye aliyelindishwa nguo za waliomuua. Baada ya hapo aliingia nyumba kwa nyumba katika Yerusalemu, akiwaburuta wanaume na wanawake na kuwatia gerezani. Jaribu kufikiri maana yake kwa familia. Mwanamume akichukuliwa, nani analeta unga nyumbani? Mama akifungwa, nani anabaki na watoto? Kanisa ambalo baadaye Paulo alilichangishia ni lile lile alilolibomoa kwa mikono yake ujanani.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Waumini waliokimbia mateso yaliyoanza kwa kifo cha Stefano walitawanyika mpaka Foinike, Kipro na Antiokia ya Shamu. Huko Antiokia wakahubiri, hata kwa watu wasio Wayahudi, na kanisa kubwa likazaliwa. Mji wenyewe ulikuwa mkubwa, wa tatu katika dola ya Roma baada ya Roma na Aleksandria, na ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Barnaba alipotumwa kulitunza kanisa hilo aliona kazi imemzidi, akaenda Tarso kumtafuta Sauli. Hivyo Sauli, ambaye sasa alikuwa ameitwa na Bwana njiani kwenda Dameski, akawa mwalimu wa kanisa lililoanzishwa na watu waliomkimbia yeye.

Ndipo likaja jaribio la kwanza la utoaji. Manabii walishuka kutoka Yerusalemu, na mmoja wao, aitwaye Agabo, akatabiri kwamba njaa kubwa itaijia dunia. Luka anatuambia njaa hiyo ilitokea siku za Kaisari Klaudio, ambaye alitawala kuanzia mwaka 41 hadi 54. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile, naye ameandika juu ya njaa iliyoikumba Yerusalemu wakati huo. Anasimulia jinsi Helena, malkia wa Adiabene, alivyotuma watu wake Aleksandria kununua nafaka na Kipro kununua tini kavu ili watu wa mji wasife.

Sasa tazama walichofanya Waantiokia. Unabii ulisema njaa itaenea kila mahali, maana yake na wao walikuwa ndani yake. Mtu mwenye busara ya kawaida angefunga ghala, angeongeza gunia la ngano chini ya kitanda na kungoja. Wao walikubaliana kwamba kila mmoja, kwa kadiri ya uwezo wake, atoe kitu cha kuwasaidia ndugu wa Uyahudi. Fedha wakamkabidhi Barnaba na Sauli wazipeleke kwa wazee. Barnaba hakuwa mgeni wa jambo hili. Ndiye yule Mlawi wa Kipro aliyeuza shamba lake zamani na kuweka thamani yake miguuni pa mitume.

Kwa hiyo Sauli aliingia Yerusalemu na msaada, katika mji ambao watu walikuwa wanakumbuka hatua zake mlangoni kwa sababu nyingine. Biblia haisemi kwamba alikuwa analipa deni, nami sitaisemea. Lakini mtu ambaye amewahi kuwaumiza watu, halafu Mungu akampa nafasi ya kuwabebea chakula, anaelewa kwa nini kazi hii haikumtoka Paulo moyoni tena.

Sharti moja tu

Katika Wagalatia sura ya 2 Paulo anasimulia mkutano wake na viongozi wa Yerusalemu. Yakobo, Kefa na Yohana, ambao walionekana kuwa nguzo za kanisa, walikubali kwamba yeye na Barnaba wametumwa kwa Mataifa, wakapeana mkono wa ushirika. Hawakumwekea mzigo wa masharti. Walimwomba jambo moja, awakumbuke maskini, na Paulo anasema ndilo jambo alilokuwa na bidii kulifanya.

Usilipite haraka. Wakati ule kanisa lilikuwa na mgogoro mkubwa. Wapo waliosema mtu wa Mataifa hawezi kuokoka bila kutahiriwa na kushika sheria ya Musa. Paulo alipinga hilo kwa nguvu zake zote. Palikuwa na hatari ya kweli ya kuwa na makanisa mawili, moja la Wayahudi na jingine la watu wengine, kila moja likimtazama mwenzake kwa mashaka. Katika hali hiyo Paulo aliona kwamba mkate wa maskini unaweza kufanya kazi ambayo mabishano ya siku nyingi hayajaifanya. Mtu wa Korintho akimlisha mjane wa Yerusalemu, na mjane huyo akamshukuru Mungu kwa ajili ya Mkorintho, wamekuwa ndugu hata kabla wakubwa wao hawajamaliza kujadiliana.

Mpango wa kila wiki

Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekaio upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki. Paulo alikaa pale mwaka mmoja na miezi 6. Jiwe lenye maandishi lililopatikana Delfi linatusaidia kujua kwamba Galio, liwali aliyeikataa kesi ya Paulo, alikuwa Akaya karibu na mwaka 51 au 52. Paulo alipanga kwa Akila na Prisila, wenzake wa kazi ya mahema, akala jasho lake. Kanisa lile lilikuwa na watu wachache wenye nafasi na wengi wa kawaida. Yeye mwenyewe aliwakumbusha kwamba si wengi kati yao waliokuwa wakuu au wa ukoo bora.

Baadaye, akiwa Efeso, aliwaandikia jinsi ya kuendesha mchango huo, utaratibu ule ule aliowapa makanisa ya Galatia. Uko mwanzoni mwa sura ya 16 ya barua ya kwanza. Kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke kando kitu nyumbani kwake, kwa kadiri alivyofanikiwa. Hakutaka fedha zianze kutafutwa siku atakayofika. Akifika, wao wenyewe wachague watu wanaowaamini, naye atawapa barua wapeleke zawadi Yerusalemu. Ikifaa aende, watakwenda pamoja naye.

Ndugu yangu, mpango huu ungewapumzisha waumini wengi leo. Tumezoea harambee ya kushtukiza. Mgeni rasmi anataja milioni kadhaa kwenye kipaza sauti, watu wanapiga vigelegele, na mama anayeuza mboga anajikunyata kwenye kona na sarafu yake mkononi. Paulo alianza na yule mama. Fundi aweke kidogo wiki aliyopata kazi. Mpagazi wa bandarini aweke kidogo wiki ambayo merikebu zimeingia. Asiyepata kitu wiki hiyo hana deni. Mwisho wa mwaka vidogo hivyo vinakuwa fungu kubwa, na hakuna aliyevuliwa nguo mbele ya watu.

Lakini Paulo hakuwaruhusu Wakorintho kutazama mbali huku wakimruka wa karibu. Katika barua hiyo hiyo, sura ya 11, aliwakemea kwa jambo lililomuumiza. Walipokutana kula chakula cha Bwana, wenye uwezo walitangulia wakala na kunywa hata kulewa, na maskini wakabaki na njaa katika chumba kile kile. Kukemea huko kulitangulia maagizo ya mchango. Kutuma fedha Yerusalemu wakati ndugu anayekaa benchi moja nawe hajala tangu jana ni kudharau kanisa la Mungu. Na kumlisha wa benchi lako kisha kusema wa mbali hawakuhusu, hilo nalo hakuliacha. Barua moja ilibeba maagizo yote mawili.

Maskini wa Makedonia

Wakorintho walianza kwa moto. Halafu wakapoa. Ulipita mwaka mzima kazi ikiwa nusu. Katikati palitokea ugomvi kati yao na Paulo, walikuja walimu wengine wa kumsema, na baadhi wakaanza kuuliza kama huu mchango si hila ya kuwatoa fedha. Katika barua ya pili, sura ya 12, unaona wazi kwamba tuhuma hiyo ilikuwepo. Kwamba yeye binafsi hapokei mshahara, sawa, lakini je, hawatumi wenzake wamchukulie kwa mlango wa nyuma?

Jaribu kujiweka mahali pake. Umeshona mahema usiku na mchana usimlemee mtu. Unachangisha kwa ajili ya wengine, senti yako mwenyewe huitaki. Na bado watu wanakusema. Wahasibu wengi wa makanisa wanajua uchungu huo.

Wakati huo huo kaskazini, Makedonia, mambo yalikwenda kinyume na matarajio ya kila mtu. Hayo ndiyo makanisa ya Filipi, Thesalonike na Beroya. Filipi ndiko alikoamini Lidia, muuzaji wa nguo za zambarau, na ndiko mlinzi wa gereza alikobatizwa usiku na nyumba yake yote. Paulo anasema, katika sura ya 8, kwamba makanisa hayo yalikuwa katika dhiki kubwa na umaskini uliokithiri. Inaonekana hata yeye hakuwategemea sana. Kumbe wao ndio waliomsihi, wakimwomba kwa bidii awape nafasi ya kushiriki. Wakatoa kwa kadiri ya uwezo wao, na kupita uwezo wao, kwa hiari yao. Siri yao Paulo anaitaja. Walijitoa kwanza wenyewe kwa Bwana, na fedha ikafuata.

Na hapo Paulo akajikuta katika hali ambayo mzazi yeyote anaijua, ya kumsifia mtoto mmoja kwa mwenzake. Aliwaambia Wamakedonia kwamba Akaya wako tayari tangu mwaka uliopita. Sifa hiyo ikawaamsha wengi. Sasa alihofu kwamba Wamakedonia wakifuatana naye Korintho watakuta mfuko mtupu, na aibu itawapata wote, yeye na wao. Kwa hiyo akatuma watu watangulie kuitengeneza sadaka, iwe tayari kama kipawa, isionekane kama kitu kilichong'olewa mikononi mwa watu.

Barua hiyo haina kitisho. Sura ya 8 na ya 9 zote mbili ni za mchango, na hamna mahali anapomwambia mtu kwamba asipotoa atalaaniwa. Anasema wazi kwamba hawaamuru. Anawakumbusha Bwana Yesu aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yao. Anawaambia utoaji hupimwa kwa kile mtu alicho nacho, asichokuwa nacho hakihesabiwi. Anawaambia hataki wengine wapate raha na wao walemewe, anataka pawe na usawa, wenye ziada leo wawafae waliopungukiwa, na kesho iwe vivyo hivyo upande wa pili. Anawakumbusha mana ya jangwani, jinsi aliyeokota nyingi hakuzidisha na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Na anataka kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, bila huzuni wala kulazimishwa, kwa sababu Mungu hupendezwa na anayetoa akiwa na furaha.

Fedha hazikupita mkononi mwa mtu mmoja

Sasa swali la tatu, lile la kama fedha zinafika. Paulo hakulijibu kwa kukasirika. Hakusema mimi ni mtume, mniamini. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu wawili. Mmoja alikuwa na sifa njema katika makanisa yote, na makanisa yenyewe ndiyo yaliyomchagua asafiri na zawadi hiyo. Mwingine alikuwa amejaribiwa mara nyingi akaonekana mwaminifu. Paulo anaeleza sababu bila kuzunguka. Hakutaka mtu yeyote apate la kuwalaumu kuhusu fedha nyingi wanazozisimamia. Alitaka mambo yawe mema machoni pa Bwana, na machoni pa wanadamu pia.

Yapo makanisa yanayosema Mungu anatosha kuwa shahidi, na daftari la mapato na matumizi halisomwi. Paulo, aliyemwona Bwana, hakuridhika na hilo. Aliona kuwa mtu mwaminifu anahitaji mashahidi kuliko mwizi, maana mwaminifu ana jina la kulinda na kazi ya Mungu ya kulinda. Kuhesabu sadaka watu watatu, kutoa stakabadhi, kusoma taarifa mbele ya washarika, kumtuma mjumbe akaone kama mabati yamefika kweli kijijini, hayo yote yana asili katika sura ya 8 ya Wakorintho wa pili.

Je, Wakorintho walitoa? Walitoa. Paulo alifika Ugiriki akakaa miezi 3, na kutoka huko akawaandikia Warumi. Katika sura ya 15 anawaambia kwamba Makedonia na Akaya wameona vema kuwachangia maskini walio kati ya watakatifu wa Yerusalemu. Anaongeza kwamba ni deni pia. Mataifa wameshiriki mambo ya rohoni ya Wayahudi, basi wawahudumie kwa mambo ya mwilini.

Safari ya mwisho

Moyo wa Paulo ulikuwa unatamani kwenda Roma, kisha Hispania. Angeweza kuwakabidhi wajumbe fedha na kupanda merikebu ya magharibi. Aliamua kwenda mashariki kwanza. Na alikuwa na hofu. Aliwaomba Warumi wamwombee mambo mawili, aokolewe na wasioamini wa Uyahudi, na huduma yake ikubaliwe na watakatifu. Umeliona hilo la pili? Alihofu kwamba wenye njaa wanaweza kukataa chakula kwa sababu ya mikono iliyokileta. Kupokea fedha za watu wasiotahiriwa kulikuwa na maana yake, kwamba umewakubali kuwa ndugu.

Alipokuwa karibu kusafiri kwa merikebu kwenda Shamu, ikagundulika njama ya kumuua. Akabadili njia akarudi kupitia Makedonia. Matendo sura ya 20 inawataja wasafiri wenzake, Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, na Tikiko na Trofimo wa Asia. Ukiyatazama majina hayo unaona ramani ya makanisa ya Paulo inatembea. Kiasi cha fedha Biblia haikitaji hata kidogo, lakini majina ya waliosafiri tunayo mpaka leo.

Mileto aliwaaga wazee wa Efeso, akiwaonyesha mikono yake iliyomlisha yeye na wenzake, na kuwasihi wawasaidie walio dhaifu. Wakalia wakamwangukia shingoni. Tiro wanafunzi walimwonya asiende. Kaisaria, nyumbani kwa Filipo mwinjilisti, akaja nabii kutoka Uyahudi. Ni Agabo, yule yule aliyetabiri njaa miaka mingi nyuma. Alichukua mshipi wa Paulo, akajifunga mikono na miguu, akasema mwenye mshipi huo atafungwa hivyo Yerusalemu. Neno la kwanza la Agabo lilimfanya Paulo mbeba sadaka. Neno lake la pili lilimwonyesha gharama. Wote wakalia wakimsihi. Paulo akajibu kwamba yuko tayari kufungwa, na hata kufa, kwa ajili ya jina la Bwana Yesu.

Yerusalemu ndugu walimpokea kwa furaha. Kesho yake alikutana na Yakobo na wazee. Walimsifu Mungu kwa habari za Mataifa, kisha wakamweleza kwamba maelfu ya Wayahudi walioamini wameambiwa mabaya juu yake. Wakamshauri awagharimie watu wanne waliokuwa na nadhiri, ili wote waone kwamba anaiheshimu sheria. Akakubali. Juu ya fedha alizozileta Luka hasemi neno hapo. Hakuna sherehe ya makabidhiano, hakuna hotuba ya shukrani. Mchango wa miaka unapita kimya. Tunausikia mara moja tu, katika sura ya 24, Paulo anapomwambia liwali Feliki kwamba alikuja kulileteapo taifa lake sadaka.

Na kilichomkamatisha? Watu walikuwa wamemwona mjini na Trofimo, Mwefeso, mmoja wa wale wajumbe, wakadhani amemwingiza Hekaluni. Mji ukataharuki, wakamburuta nje, wangemuua kama jemadari wa Kirumi asingefika na askari. Kusafiri na ndugu wa kabila jingine kulimponza.

Feliki alimweka kifungoni Kaisaria miaka 2. Luka anasema alikuwa akimwita mara kwa mara kuzungumza naye akitumaini kupewa rushwa. Mtu aliyekuwa ametoka kusimamia fedha nyingi za makanisa, aliyekuwa na marafiki kila mji, alikaa gerezani miaka 2 kuliko kununua mlango. Baadaye alikata rufani kwa Kaisari, akavunjikiwa na merikebu Malta, akafika Roma, akakaa miaka 2 katika nyumba aliyoipanga, akihubiri akiwa chini ya ulinzi. Mapokeo ya kanisa yanasema aliuawa huko Roma wakati wa Nero, aliyetawala hadi mwaka 68.

Akiwa kifungoni, mtoaji naye akawa mpokeaji. Kanisa la Filipi, wale maskini wa Makedonia, walimtuma Epafrodito na msaada. Epafrodito akaugua karibu na kufa, lakini kazi akaimaliza. Barua ya shukrani ya Paulo tunayo, ndiyo Wafilipi, barua yenye furaha kuliko zote alizoandika.

Na wewe je?

Mpendwa, huenda umechoka na michango, na pengine una sababu. Labda uliwahi kutoa na fedha hazikufika. Dawa ya hilo Paulo ametupa. Dai taarifa, dai wajumbe watakaochaguliwa na washarika, jitolee wewe mwenyewe kuwa mmoja wa wanaohesabu. Funga mlango wa wizi, lakini usiufunge pamoja na moyo wako.

Anza wiki hii na bahasha moja nyumbani. Weka kwa kadiri ulivyopata. Muulize mzee wa jumuiya yako ni nani kati yenu hajala. Halafu muulize kanisa lenu linamkumbuka nani wa mbali, wa dhehebu jingine, wa kabila jingine, hata yule ambaye akipata msaada wenu huenda asiseme asante. Paulo hakuondoka Yerusalemu na cheti cha shukrani. Aliondoka usiku, amezungukwa na askari. Lakini wajane walikuwa wamepata chakula, na watu wa Mataifa walikuwa wamekaa meza moja na watu wa Ibrahimu.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetupa Mwanao bila sisi kustahili, utupe macho ya kumwona mwenye njaa aliye karibu na aliye mbali. Utupe mikono iliyo wazi na madaftari yaliyo safi. Waponye waliovunjwa moyo na wasimamizi wasio waaminifu, na uwatie nguvu wale wanaotunza sadaka zako kwa uaminifu na hakuna anayewashukuru. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.